Kaka Yangu Mwanzia, Aliyefika Karibi

Wayua alinipigia simu nikichagua maharagwe mlangoni kwangu, Kawangware. Yeye ni mke wa kaka yangu Mwanzia, na kwa kawaida haanzi neno bila kusalimu. Siku hiyo hakusalimu.

"Kavindu, wamemuua Mwanzia. Walimwita kwa jina, akafungua."

Nilijua ni jina gani. Ndilo linalonifanya niandike kwa hasira. Bwana anisamehe, bado sijaiweka chini.

Mwanzia alikuwa mchongaji. Alitoka Kitui akiwa kijana, na tezo la marehemu baba mkononi, akapata kibanda kando ya reli pale kwenye mtaa wa mabanda wa Laini Saba. Alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Jumapili aliimba besi kanisani. Mwaka 2006, kanisa moja la kisiwa cha Karibi lililokuwa na urafiki na letu lilimwalika kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Siku ya mapumziko wenyeji wake wakampeleka kutembea kwenye mbuga ya taifa iliyo pwani, upande wa upepo.

Safari hiyo alitusimulia mara nyingi mpaka mama akawa anamsahihisha. Alitegemea mchanga mweupe na minazi kama ya kwenye kalenda. Akakuta miiba, mbuzi, mawe makali yaliyomkata soli ya kiatu, na miti iliyoinamishwa yote upande mmoja. "Ni Kitui tu," alisema, "ila imewekewa bahari." Na bahari yenyewe si ya kuingia. Mawimbi yalijitupa ndani ya mapango chini ya jabali, mwamba ukatetemeka chini ya miguu yake, kisha maji yakaruka juu na kumlowesha suti nzima. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, na tai, kwa sababu aliambiwa anatembezwa na wenyeji, na kwetu mgeni anayetembezwa huvaa. Wenyeji walicheka mpaka wakakaa chini.

Kisha akaona tawi kavu limeanguka. Mchongaji ni mchongaji: aliliokota, akaligonga kwa kidole, akalisikiliza, akalitia kwapani. Mlinzi wa mbuga akamjia mbio. Mwanzia akamweleza kwamba tawi lenyewe limekufa.

"Hapa hata kilichokufa kina mwenyewe," mlinzi akamjibu, akamwamuru alirudishe palepale, lilale vilevile lilivyokuwa limelala.

Laini Saba hawakuamini lolote. Aliposema Karibi, vijana wa vibanda vya jirani walisikia karibu. "Niaje, Karibu," walimtania. "Yaani umepanda ndege kwenda karibu? Si ungetembea tu na miguu?" Akacheka nao, akaitikia. Likawa jina lake, na halikuvuka vile vibanda vichache. Hata kanisani hawakulijua. Tulilijua sisi wa nyumbani, na wao.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilianza kuchomwa. Januari, wanasiasa wetu sisi Wakamba walipoingia serikalini, Wakamba wa Laini Saba wakaitwa wasaliti na wafuasi wa upinzani. Nilimsihi ahamie kwangu. Mzee Muigai, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga ninamoishi, alikuwa amekubali kumpa chumba. Mwanzia akasema amalize kwanza vinyago alivyoagizwa, na kwamba majirani wanamjua.

Ndiyo, walimjua. Wayua alisikia mlango ukibishwa na sauti ikisema, "Karibu, fungua, ni sisi." Mwenye nyumba ndiye husema karibu. Siku hiyo walisema wao, na yeye akawafungulia.

Alilala kando ya reli mpaka mchana wa siku ya pili, watu wakimpita kwenda kutafuta maji. Kule kisiwani tawi kavu lina mlinzi.

Kamati ya mazishi ilikutana kwangu. Lazarus, mzee wa kanisa, alileta ratiba ya kupeleka kwa mchapaji. Chini ya picha alikuwa ameandika maneno yanayoandikwa kila mazishi: tulimpenda, lakini Mungu alimpenda zaidi. Nikamwambia afute. Akanieleza kwa upole kwamba ni maneno ya faraja, kila familia huyatumia, na kwamba kutaja wauaji siku hizi ni kuongeza moto.

"Basi andika kwamba Mungu ndiye aliyebisha mlango," nikasema.

"Dada Kavindu, usikufuru."

"Anayekufuru ni nani, mzee? Ni mimi, au ni yule anayemshikisha Mungu panga la jirani?"

Mama alikuwa amefika kutoka Kitui. Alisema bila kuinua macho. "Futa, Lazarus."

Akafuta.

Tulimzika nyumbani Kitui, Jumamosi, kando ya kaburi la baba. Waombolezaji walikuwa wachache, maana wengi waliogopa njia. Kutoka vile vibanda hakuja mtu. Wasifu niliusoma mimi: amezaliwa, amechonga, ameoa, amefika Karibi, ameuawa mlangoni pake na watu waliomjua kwa jina. Pasta aliomba, hakuongeza wala kupunguza. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Wayua alitupa udongo kwanza, akafuata mama, kisha mimi. Wanaume wakachukua sepetu, wakafukia mpaka udongo ukawa tuta, wakasimamisha msalaba wa mbao. Tuliimba, sauti ya besi ikiwa hafifu, halafu tukarudi uani.