Tulitaka kuwaenzi wazee wa Viboko FC, ng'ombe wakapita golini hadi shambani kwa Mama Nuru

Wakuu, salamu kutoka Garsen, ambako jua la leo halina huruma hata kidogo.

Mimi ni kinyozi. Kazi yangu hunifanya nisikie mengi na niongee mengi zaidi, lakini haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na sehemu fulani niliisababisha mimi. Sitii chumvi. Ukionja chumvi mahali, jua ni ya wahusika wenyewe.

Tena mimi ni mwenyekiti wa mashabiki wa Viboko FC. Usicheke. Kuna watu huku wamegombea viti vya siasa kwa cheo kidogo kuliko hicho.

Kwanza niwape historia, bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wazima tulijikuta tunakata miiba tukiwa tumevaa jezi.

Miaka ya nyuma mto Tana ulifurika vibaya. Mafuriko kwetu si habari ngeni, ila mwaka ule maji yalikuja yakalala. Uwanja wetu ukawa bwawa. Kiboko wa kweli alionekana amejipumzisha kwenye eneo la penalti, na mashabiki wa Wenje, wapinzani wetu, wakasema huyo ndiye beki bora tuliyewahi kuwa naye.

Ligi ikatuambia wazi: leteni uwanja wa nyumbani, au mtoke.

Timu ikitolewa huku hairudi. Wachezaji hutawanyika, mmoja Malindi, mwingine Mombasa, na jezi zinaishia kuvaliwa wakati wa kupalilia.

Ardhi kavu na pana ilibaki moja tu, shamba la Yona, kwenye kinyanyuko upande wa Golbanti. Yona alikuwa mshambuliaji wetu, tulimwita Tingatinga. Mahindi yake yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Kwa wasiotujua, Mpokomo, mkulima wa huku, na mahindi yake ya kando ya mto usiwatenganishe. Hicho ni chakula, ni karo, na ni heshima ya nyumba.

Yona akasema shamba lichukuliwe.

Sawa, lakini nani angeng'oa shamba zima kwa jembe kwenye tope lile, kisha alikanyage mpaka lishike, na mechi inakaribia? Hapo ndipo kipa wetu, Guyo, akatamka maneno ambayo huku ukiyatamka mahali pabaya unang'olewa meno.

"Nitaleta ng'ombe yangu."

Guyo ni Muorma, mfugaji. Wakati ule ndugu zake walikuwa wameshahamisha mifugo mbali na mto, maana mafuriko huja na mbu na nzi, na nzi hao huua ng'ombe. Yeye peke yake akalirudisha kundi lake.

Mnaelewa uzito wake? Huku kwetu ng'ombe kuingia shambani ndio mwanzo wa kila ugomvi. Vikao vinaitwa, chifu anakuja, wakati mwingine polisi. Siku ile mkulima mwenyewe alifungua uzio, akasimama kando akiwakaribisha ng'ombe kama wageni wa harusi.

Wakala. Wakakanyaga. Kesho yake wakarudishwa wakakanyaga tena, mpaka ardhi ikakaza. Tukapata uwanja, na timu ikabaki kwenye ligi. Uwanja huo una mteremko upande mmoja hadi leo, na kila mgeni akija analalamika. Sisi tunashambulia kuelekea chini kipindi cha pili, basi.

Guyo alipoteza ndama kwa ugonjwa wa nzi, na kaka zake walimnunia muda mrefu. Nyumba ya Yona ilikula samaki na ndizi mpaka watoto wakachukia ndizi. Wote wawili wakastaafu mpira bila hata makofi.

Mwaka huu tukasema imetosha, tuwaenzi wangali hai.

Kwenye group ya mashabiki mmoja akapendekeza kanzu, mwingine medali. Mimi nikaja na langu: siku hiyo ng'ombe wa Guyo waingie uwanjani tena! Wafungwe vitambaa vya kijani kwenye pembe, wachezaji watembee nao, watu wakumbuke. Emoji za makofi zilijaa simu. Nilijiona nina akili za waziri.

Nikampelekea Guyo habari. Siku hizi ni mzee mwenye ndevu za hina, na maneno yake ni machache. Akakubali, kwa sharti moja.

"Ng'ombe ikunywe maji kwanza. Baadaye ndio ilete uwanja."

Nikasema hakuna shida, mzee.

Siku yenyewe ikafika. Nipo kibandani nimemkalisha Guyo, namtengeneza ndevu apendeze, simu ikaita. Msaidizi wa mheshimiwa fulani. Mheshimiwa anakuja mapema, anataka kupigwa picha na ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe wawepo.

Nikatoka nje kidogo, nikawapigia vijana wa Guyo. Nikawaambia walete ng'ombe moja kwa moja kutoka malishoni, maji watakunywa baadaye. Kisha nikarudi ndani nikaendelea na ndevu za watu. Sikumwambia kitu.

Sasa shikeni ramani kidogo. Uwanja uko hapa. Nyuma ya goli la chini kuna kipande cha shamba, mahindi mabichi. Nyuma ya mahindi ni mto. Kipande hicho ndicho kilichosalia kwa mke wa Yona, Mama Nuru, baada ya shamba lao kuwa uwanja wetu. Mama Nuru hajawahi kuja kwenye mechi hata moja. Sote tulidhani hapendi mpira.

(Naona jamaa ameshaanza kucheka hapo chini. Subiri ndugu yangu, nifike.)

Uwanja ulijaa. Wakulima, wafugaji, wenye maduka, mpaka watu wa Ozi, kijiji cha mbali, walikuja. Timu ya Wenje ilishafika kwa mechi ya kirafiki. Spika zinalia. Yona na Guyo wamekaa kwenye viti vya plastiki, jezi mpya juu ya nguo zao. Kiti cha katikati tumemwekea mheshimiwa, na kina kitambaa cha meza.

Ng'ombe wakaingia. Wakuu, ilipendeza! Weupe, pembe zina vitambaa vya kijani, manahodha wa timu mbili wametangulia. Akina mama wakapiga vigelegele. Yona alikuwa anajifuta macho na mimi nilikuwa nimeshika maiki nikijifanya nina mafua.

Kisha upepo ukavuma kutoka mtoni.

Ng'ombe wa mbele akainua pua.

Guyo akasimama. "Hii ng'ombe imekunywa maji?"

Nikaangalia mawingu.

"Nauliza wewe mwenyekiti. Imekunywa?"

Sikupata nafasi ya kudanganya. Kundi zima lilishageuka kuelekea goli la chini, na halikuwa linatembea tena. Walipita katikati ya milingoti kwa vumbi. Kipa wetu wa sasa alijirusha upande usiofaa, kama kawaida yake.

Tukasikia mahindi yanavunjika, na sauti ya Mama Nuru akipiga kelele peke yake huko ndani.

Muziki ukazimwa. Watu waliokuwa wamechanganyikana dakika chache tu zilizopita wakaanza kujitenga. Vijana wa upande wa mashamba huku, wengine na panga zao za kazi. Vijana wa mifugo kule, na fimbo zao. Hakuna aliyetukana. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Niseme ukweli. Niliona sherehe imekwisha, na timu nayo. Viboko FC ni mahali pamoja huku ambapo hawa watu hukaa benchi moja. Nikawaza, nimelivunja benchi hilo kwa ajili ya picha ya mheshimiwa.

Waliokimbia kuwafuata ng'ombe ni wale wazee wawili. Guyo mbele anapiga mbinja, Yona nyuma na goti lake bovu. Wakaingia kwenye mahindi, mmoja kulia mmoja kushoto, wakawasukuma ng'ombe hadi mtoni wakanywe. Waliporudi, Mama Nuru alikuwa mbele yao. Alitembea mpaka katikati ya uwanja na bua lililovunjika mkononi.

"Leo mnatuza nani?" akaniuliza.

Nikajibu kwa maiki kama mjinga, "Mama, tunawaenzi wazee waliotoa mahindi na mifugo wakaokoa timu."

"Mahindi hayo alipanda nani?"

Akainua lile bua juu, kila mtu alione.

"Nililima mimi, na mimba ya Nuru tumboni. Naamka asubuhi nasikia ng'ombe shambani, natoka, nakuta bwanangu ndiye anawafungulia. Hakuniambia. Guyo alitoa ng'ombe yake, sawa, mpeni. Yona alitoa nini? Na mimi msiseme nilitoa. Mimi sikutoa mahindi. Yalitolewa."

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio. Miaka yote tumeisimulia hadithi hii kwenye kiti changu cha kunyolea, nimeisimulia mimi kwa mbwembwe zote, na mwanamke huyu hakuwahi kuwemo hata mara moja. Na leo tena nimemwingizia ng'ombe.

Yona alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. "Mama Nuru," akasema polepole, "sema unalotaka. Mbele ya watu."

"Nataka uzio. Mipira yenu inaanguka kwangu kila wiki, na vijana wenu wanaingia kuitafuta kama nguruwe pori. Nimeomba uzio mpaka nimechoka. Nautaka leo, kabla hamjapiga huo mpira wenu."

Watu wakatazamana. Guyo akavua jezi yake mpya, akaikunja, akaiweka kwenye kiti. Akatembea taratibu mpaka upande wa vijana wa mashamba, akasimama mbele ya yule mwenye panga kubwa kuliko wote. Akanyoosha mkono.

"Niazime hiyo."

Yule kijana alimwangalia. Halafu akaigeuza panga, akampa kwa upande wa mpini.

"Mzee, kata. Mimi nitavuta."

Mathenge mnaujua, ule mti wa miiba uliojaa kila mahali, haufi kwa jua wala kwa matusi. Basi siku ile ulipata kazi. Guyo anakata, vijana wa shamba wanavuta matawi, vijana wa mifugo wanayapanga maana wao ndio mafundi wa boma. Timu ya Wenje walilalamika kwamba hawakuja Golbanti kufanya kibarua, dakika chache baadaye nao wamo. Refa akajipa kazi ya kunyoosha mstari. Akaambiwa ameshazoea kukosea mistari, akae pembeni.

Spika zikawashwa tena.

Guyo alisimama nyuma ya uzio anapanga watu kama alivyokuwa akipanga ukuta wa frikiki. "Songa kushoto! Hapo ndama inapita! Wewe, funga hiyo!" Mfugaji anafunga shamba la mkulima lisiingiwe na ng'ombe wake mwenyewe. Nilichomwa miiba mikono yote miwili, na sikumbuki nikifurahi hivyo siku nyingine.

Mheshimiwa hakuja. Simu ya msaidizi wake haikupatikana tena.

Medali tulikuwa nazo mbili. Guyo akavaa yake. Yona alipovishwa yake aliivua, akampelekea mkewe. Mama Nuru akaigeuzageuza.

"Hii ya bati nitafanyia nini?"

Akaenda akaifunga juu ya uzio, upande wa mahindi. Ipo pale hadi leo, inameta kwenye jua na kufukuza ndege.

Kisha, wakuu, akaja akakaa kwenye kiti cha mheshimiwa. Chenye kitambaa cha meza.

Mpira ukaanza jua limeshainama, tukacheza kipindi kimoja tu. Viboko walicheza vibaya mno. Mshambuliaji wetu alikosa goli ambalo hata mimi na malapa yangu ningefunga. Mama Nuru akavumilia, akavumilia, mwishowe akasimama akamwita kijana kwenye mstari.

"Wewe. Unajua umesimama juu ya mahindi ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Basi cheza!"

Tulifungwa hata hivyo. Lakini yule kijana alikimbia mpaka akatapika.

Tangu siku hiyo, kabla ya kila mechi ya nyumbani nahodha huenda kwanza kwenye uzio kumsalimia Mama Nuru. Mpira ukivuka, aliyeupiga anapiga hodi na kusubiri. Mama Nuru akiwa na hasira naye, anamsubirisha, na mechi inasubiri pia. Timu za wageni zinalalamika kuliko zilivyolalamikia mteremko.

Nililojifunza ni kwamba ukitaka kuwashukuru waliojitoa, uliza kwanza ni nani mwingine alitolewa bila kuulizwa. Na ng'ombe wapewe maji.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenye timu yako, au kwenu nyumbani, Mama Nuru wenu ni nani? Mtajeni hapa chini, na kama bado yupo, nendeni mkamjengee uzio wake. Wanaotaka kunitukana kwa ile simu pia wanakaribishwa, nimeshazoea.

Naishia hapa, mteja ameingia. Ni Guyo, anataka ndevu. Amekaa kitini, ameangalia wembe wangu, ananiuliza kama nao umekunywa maji.