Wifi Yangu na Punda wa Maji

Wifi yangu anafundisha ushonaji sekondari, na kama kuna mtu anayeweza kumhurumia mbu, ni yeye. Kaka yangu alimuoa akijua. Mimi ninayekaa nao ndiye sikuambiwa, ndiyo maana asubuhi moja niliingia bafuni nikakuta paka wa jirani kazalia kwenye beseni langu, na wifi ananikonyeza nisipige kelele.

Mwaka jana alianzisha chama cha kutetea wanyama pale shuleni. Mwalimu Mkuu, mama ambaye sauti yake hufika kabla yake, alikubali kwa shingo upande. "Siku nikipata lalamiko moja tu, chama basi." Wifi alirudi nyumbani anaimba. Mimi nilijua lalamiko haliko mbali, maana vijana wa umri ule kwa kelele hawajambo.

Kweli, kazi yao ya kwanza ikawa kumzomea mzee anayeleta maji shuleni kwa mkokoteni. Mmoja wa punda wake wawili alikuwa na kidonda begani, pale mkanda ulipokuwa ukimsugua. Wifi aliwakasirikia sana.

"Nani anamsikiliza mtu anayemtukana? Kesho mtamwamkia, mtamuuliza punda anaitwaje, halafu mtamuuliza mumsaidie nini."

Wakaenda wamenuna. Kumbe kidonda kile kilikuwa kinamnyima raha mzee mwenyewe, ila hakuwa na kitu laini cha kuweka chini ya mkanda. Akakubali kumpumzisha punda hadi apone, na vijana wakawa wanasaidia kusukuma mkokoteni. Jioni sebule yetu iligeuka karakana. Wasichana kwa wavulana wanashona mto wa begani, pamba hadi kwenye bakuli la sukari, na mimi naruka sindano nikielekea jikoni.

Siku punda aliporudi kazini nilikuwa shuleni, nimempelekea wifi miwani aliyoisahau. Punda akaingia getini na mto wake wa zambarau wenye maua ya dhahabu. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini na gauni la zambarau lenye maua ya dhahabu, aliloshonewa na wifi huyohuyo. Shule nzima ikavunjika mbavu.

"Nani kamvalisha punda nguo yangu?"

Roho iliniuma, chama cha wifi kilikuwa kinazikwa anaona. Ndipo akajitokeza msichana mmoja mwembamba, yule aliyezomea kuliko wote siku ile.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Ni sisi. Vipande vilivyobaki kwenye gauni lako vilikuwa laini kuliko vingine, tukavichukua bila kukuuliza. Tunaomba radhi. Lakini kabla hujatuadhibu, tunaomba umtazame bega."

Mzee akainua mto. Mwalimu Mkuu akainama, akapitisha kidole taratibu kwenye ngozi mpya iliyofunika kidonda. Alikaa vile hadi vicheko vikaisha vyenyewe. Aliponyanyuka, alizungumza kwa upole ambao sikujua anao.

"Na huyu mwenzake, mbona yeye hana?"

"Kitambaa kiliisha, Mwalimu Mkuu."

"Basi Jumamosi chama kizima mje kwangu. Kuna mapazia nimeyachoka."

Vijana walipiga vigelegele hadi punda wakasimamisha masikio. Wifi yangu alijificha nyuma yangu akafutia machozi mtandio wangu mpya, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, sikumwambia neno.