Ndege wa Oktoba Katika Maji Yaliyomchukua Kiende

Jua bado halijachomoza juu ya vilima vya Nkubu, lakini Angeline Kinya tayari amesimama kwenye matope yanayofika vifundoni, mkono mmoja ameuinua. Nyuma yake wageni watatu kutoka Meru mjini nao wamesimama kimya. Wamekwisha kuambiwa kwamba mkono huo ukiinuliwa, hata kukohoa ni makosa.

Anaelekeza kidole mahali ambapo matete yameinama juu ya maji. Wageni wanainua darubini zao, wanatafuta, hawaoni kitu. Kisha mmoja anavuta pumzi. Pale ukingoni, ndege mdogo mwenye mgongo wa kijivu na tumbo jeupe anatembea juu ya matope, mkia wake ukipanda na kushuka bila kupumzika.

"Huyo ni kitwitwi," Angeline ananong'ona. "Amefika juzi. Muone vile amekonda. Ametoka mbali sana huyo."

Ni Oktoba, msimu ambao baridi huanza kubana Ulaya na Urusi, na ndege wa huko huja kutafuta joto na wadudu wa kwetu. Wengine hushukia kwenye maziwa makubwa ya Bonde la Ufa. Wachache hushukia hapa Kathima, kinamasi kidogo kilicho bondeni chini ya barabara ya Embu, chenye chemchemi upande mmoja na mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka upande wa pili.

Angeline ana umri wa miaka arobaini na sita. Siku nyingine huuza nduma sokoni Nkubu. Lakini kuanzia Oktoba watu wanaopenda kutazama ndege humpigia simu kutoka Meru, Embu, na mara mojamoja Nairobi, naye huwaongoza kuzunguka maji. Malipo ya asubuhi moja hulingana na ya kibarua wa kuchuma majani chai kwa siku mbili, na kuna wiki ambazo hakuna anayepiga simu.

Wageni wengi hudhani alianza kazi hii kwa sababu ya mapenzi ya ndege. Huwa hawasahihishi. Humu majini ndimo alimozama binti yake, Kiende.

Kiende alikuwa na miaka kumi. Ilikuwa msimu wa mvua kubwa, miaka sita iliyopita, siku ya Jumamosi. Ndama alikuwa mgonjwa na hakutaka kula majani makavu, kwa hiyo mtoto alichukua mundu na gunia akateremka kukata majani mabichi. Ilikuwa kazi aliyoifanya mara nyingi. Mama yake alikuwa jikoni akipepeta maharagwe, na anakumbuka kwamba hakuinua hata kichwa.

"Alisema, 'Mami, nimeenda.' Nikamwambia, 'Usikawie.' Ni hayo tu," anasema.

Miaka hiyo watu walikuwa wakichimba udongo wa matofali kandokando ya kinamasi. Walichimba mashimo marefu kwenda chini, na udongo mzuri ulipokwisha wakahamia mahali pengine, wakiyaacha wazi. Mvua iliyajaza maji. Magugu yakatanda juu, yakawa kijani kama malisho. Mtoto aliyekanyaga hapo hakuwa na namna ya kujua.

Mundu na gunia vilionekana kwanza. Baba yake, Salesio Mutwiri, fundi seremala, aliingia majini na nguo zake zote, akazama na kuibuka, akazama tena. Yeye ndiye aliyemtoa. Alimbeba mikononi hadi nyumbani bila kumruhusu mtu yeyote kumpokea.

Baada ya mazishi Salesio alichukua mbao na misumari, akaliziba dirisha la chumba cha kulala, lile linalotazama bondeni. Hakumweleza mkewe kwa nini, wala mkewe hakuuliza. Tangu siku ile hakuteremka tena Kathima. Hata njia ya mkato ya kwenda kanisani, inayopita juu tu ya kinamasi, aliiacha.

Angeline yeye alifanya kinyume. Kila asubuhi, watoto wake wawili wakubwa wakishaondoka kwenda shule, alishuka hadi ukingoni, akaketi juu ya jiwe.

"Watu walidhani naenda kulia," anasema. "Mimi nilikuwa naenda kugombana. Nilikuwa nasema na hiyo maji. Naiuliza, sasa ulikuwa unataka nini na mtoto wangu?"

Majirani walianza kunong'ona. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja kumwombea, mmoja akashauri apelekwe hospitali. Angeline aliwaitikia wote vizuri, akawapikia chai, na kesho yake akashuka tena.

Oktoba ya mwaka uleule, akiwa ameketi pale, ndege mdogo alitua kwenye ukingo wa shimo lilelile. Akaanza kutembea huku akitikisa mkia, akidonoa matope. Angeline alimwokotea kijiwe ili amfukuze. Aliona haifai kabisa kiumbe chochote kile kucheza mahali pale. Lakini hakurusha. Alimtazama hadi jua likawa kali.

Siku chache baadaye mzee mmoja aliyevaa buti za mpira alipita na darubini shingoni. Alikuwa Nyamu Mugendi, mganga wa mifugo aliyestaafu, mkulima wa chai huko Kibugu upande wa Embu, ambaye hutembea kila mahali penye maji kutazama ndege wa msimu.

"Nilimkuta mama ameketi peke yake, nikamsalimia," Mzee Nyamu anakumbuka. "Nikamwonyesha kitwitwi. Nikamwambia, mama, unamwona huyu? Alizaliwa huko juu Urusi mwaka huu huu. Amepita jangwa peke yake, hakuna aliyemwonyesha njia, na amefika hapa Kathima."

Alitarajia mama afurahi, au angalau astaajabu. Badala yake Angeline alisimama, akajifunga leso upya, akaondoka bila kuaga.

"Nilikasirika sana," Angeline anasema, na hata leo sauti yake inakuwa nzito. "Kitu kidogo hivyo, cha kutoshea kwa mkono, kinatoka Urusi kinafika. Na mtoto wangu, kutoka hapo chini mpaka hapo juu nyumbani, hakufika."

Mzee Nyamu aliuliza dukani mama yule ni nani. Alipoambiwa, anasema, aliketi kwenye benchi la duka. Wiki iliyofuata alirudi Kathima, akamkuta pale pale, akavua kofia.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Mama Kiende," akamwambia. "Sikujua."

Angeline akamuuliza, "Yule ndege, wengine wake wako wapi?"

Wakaenda kuwatafuta pamoja. Ndivyo ilivyoanza. Mzee alikuja mara kwa mara, akamwachia darubini yake ya zamani, akamfundisha kumtofautisha koikoi na yangeyange, na kuwatambua kwa sauti keremkerem wanaopita juu sana wakati wa Oktoba, kabla jicho halijawaona. Angeline naye alimwonyesha mahali ambapo mdiria huchimba tundu lake na kichaka ambamo kundi la ndege wa kahawia wenye macho mekundu hupiga kelele jioni. Marafiki wa mzee walipoanza kuja, yeye ndiye aliyewapitisha, kwa sababu ndiye aliyejua pa kukanyaga. Aliyapigia vigingi mashimo yote, moja baada ya jingine.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Usiku mmoja Salesio aliweka kijiko chini.

"Unapeleka watu kuangalia ndege pale," alisema.

"Ndiyo."

"Pale."

"Baba Kiende, mimi siwezi kuacha kwenda. Wewe huwezi kwenda. Basi tusilaumiane."

Salesio aliinuka akaenda kwenye karakana yake. Angeline alisikia randa ikipita kwenye mbao hadi alipopitiwa na usingizi.

Mwaka jana jambo hilo liliacha kuwa la nyumba yao peke yake. Wakazi waliitwa kwenye baraza la chifu kujadili pendekezo la kuchimba mifereji, kukikausha kinamasi chote na kukigawa kiwe mashamba ya nyanya na kabichi. Shamba ni haba, na wenye kuhitaji walikuwa wengi. Aliyesimamia pendekezo ni Julius Riungu, mkulima anayeheshimiwa, mzee wa kanisa.

Riungu alizungumza vizuri. Alisema maji yale hayana faida ila kuzaa mbu. Kisha akashusha sauti. "Na tusisahau. Hayo maji yalituulia mtoto. Tukiyakausha, tutakuwa tumemheshimu mtoto wa Salesio. Mama yake yuko hapa. Hebu atuambie mwenyewe."

Watu wakageuka. Angeline anasema hakuwa amepanga kusema lolote. Lakini alisimama.

"Hiyo maji haikuua mtoto wangu," alisema. "Ilikuwa hapo kabla nizaliwe. Mama yangu alinituma huko kukata majani nikiwa mdogo kuliko Kiende, na nikarudi. Kilichoua mtoto wangu ni shimo. Shimo tulichimba sisi. Tukatoa udongo, tukaacha. Nani hapa hajajenga na hayo matofali? Mimi jikoni yangu ni hayo matofali. Nilikuwa nimekaa ndani yake nikipepeta maharagwe wakati alikuwa anazama."

Riungu alitazama chini.

"Mkitaka shamba, semeni mnataka shamba," akaendelea. "Hiyo si dhambi. Lakini msiweke jina la Kiende hapo."

Akaketi. Ndipo mtu akasimama kule nyuma kabisa, karibu na ua. Alikuwa Salesio. Angeline hakujua kwamba mumewe amekuja.

"Mimi ndiye nilimtoa," Salesio alisema. "Nilikuwa nimeshika ukingo na huu mkono. Ukingo ulikuwa umenyooka. Ulikuwa na alama za sururu. Mke wangu amesema ukweli." Akavaa kofia yake, akatoka.

Uamuzi uliofuata haukumpa mtu yeyote kila alichotaka. Sehemu ya chini ya Kathima ilikaushwa, na leo imepandwa kabichi. Korongo wenye taji waliokuwa wakitaga hapo hawajaonekana tena. Sehemu ya juu, yenye chemchemi na matete, iliachwa. Uchimbaji wa udongo ukapigwa marufuku, na ikaamuliwa mashimo yote yafukiwe.

Riungu mwenyewe alitoa mkokoteni na ng'ombe wawili wa kusomba mawe. Alipokutana na Angeline njiani alimsalimu kwanza, akamwambia, "Mama, nilisema vibaya." Angeline alimjibu kwamba yamekwisha. Shamba la kabichi la Riungu liko pale pale, na akivuna humletea vichwa viwili vitatu mlangoni.

Kazi ya kufukia ilichukua siku kadhaa. Shimo moja liliachwa hadi mwisho, kwa sababu kila mtu aliona haya kulianza. Asubuhi moja Angeline alipoteremka na wageni, alimkuta mumewe hapo na toroli. Alikuwa peke yake. Alikuwa akipanga mawe shimoni kwa mkono, moja juu ya jingine, kama mtu anayejenga msingi.

Angeline aliwaomba wageni wageuze njia. Siku ile hawakuona ndege wengi, na hakuna aliyelalamika.

"Aliporudi jioni alinawa, akala, akalala," anasema. "Na usiku ule hakuamka hadi asubuhi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi."

Leo mahali pale pamefunikwa na nyasi fupi. Hakuna msalaba wala jina. Wageni wanaopita hukanyaga bila kujua, na Angeline huwaacha wakanyage.

Wageni wa leo wameshiba kutazama. Mmoja anamuuliza mwenyeji wao ana mpango gani mbeleni. Angeline anafuta lenzi za darubini kwa pindo la leso kabla ya kujibu.

Anataka kuwaleta watoto wa shule. Tangu Kiende afe, hakuna mtoto wa kijiji anayeruhusiwa kufika Kathima. Mwalimu mkuu, Celina Mbaka, amekubali kuwaleta wanafunzi Januari shule zikifunguliwa, ndege wakiwa bado wapo, ila kwa sharti kwamba pawe na daraja la mbao lenye vishikio kutoka ukingoni hadi penye matete. Wazazi wengine wamekubali. Wengine wamesema hapana, na Angeline hawalaumu.

"Wanajua tu kwamba huko mtu alikufa," anasema. "Nataka wajue pia pa kukanyaga. Na wamuone huyo kitwitwi."

Je, haogopi kuwa na watoto wa watu karibu na maji yale?

"Naogopa sana," anajibu. "Nitakuwa naogopa hiyo siku yote, mpaka wa mwisho apande juu."

Kuhusu daraja, alimtajia mumewe jioni moja na kumwachia hapo. Wiki iliyopita Salesio alinunua mbao za mti wa mukima. Amezipiga randa, amezikata zote kwa kipimo kimoja na kuzipanga ukutani karakanani, zikauke vizuri. Hajasema atazishusha lini.

"Sijamuuliza," Angeline anasema. "Juzi nilimsikia akipigia mtu simu, anauliza bei ya misumari isiyoshika kutu."