Mkwe Wangu Nilimwita Katili kwa Sababu ya Vifungo vya Shati

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Mafinga nikipita sokoni watu wananisalimia kwa heshima. Mimi ni mjane wa miaka 59, darasa la saba tu, lakini watoto wanne nimewakuza kwa jembe. Wa tatu ni fundi seremala. Sijisifu, ila mimbari ya kanisani kwetu aliichonga yeye, na mchungaji mgeni akija lazima aulize ni kazi ya nani. Mimi hukaa benchi la mbele nisikie jibu.

Ana miaka 36, anaishi Mbeya na mkewe. Mwaka jana presha ilimpanda akiwa karakana, akapata kiharusi. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia, mkono wa randa, ukabaki unaning'inia kama si wake. Hospitali wakamwanzishia mazoezi ya roboti. Mkono unafungwa kwenye mashine, mbele kuna kioo kama tivii, anatakiwa asukume mpira mpaka uingie kikapuni. Niliposikia nikatangaza jumuiya nzima kwamba mwanangu anatibiwa na roboti.

Nikaenda kuwaona na mchele wangu wa Ubaruku. Asubuhi nikamkuta anapigana na kifungo cha shati kwa mkono ule mbovu, jasho linamtoka, na mkewe amesimama pembeni kakunja mikono.

"Mkwe, huoni?"

"Naona, mama. Muache, atafika."

Mchana akala kwa mkono uleule, nusu ya ugali ikaishia kifuani. Mkewe akamtania, "Leo shati limeshiba kuliko wewe." Mwanangu akacheka. Mimi sikucheka.

Nikaita kikao, wazazi wa binti na mshenga wakaja. Nikasema mbele yao huyu ni katili, amemchoka mume. Mkwe akajibu taratibu, "Mama, mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyeagiza." Nikamwambia, "Mtaalamu hakumzaa." Mama wa binti akainamisha uso. Mwanangu akasema hajalalamika, nikamjibu mgonjwa hajui linalomfaa. Kesho yake nikapanda naye basi kurudi Mafinga.

Miezi minne nimemlisha kwa mkono wangu, nimemvalisha, nimemnyoa ndevu. Ule mkono niliufunga na kanga usichoke. Amenenepa, majirani wananisifu.

Wiki mbili zilizopita nilimrudisha kliniki mwenyewe, nimevaa kitenge kipya. Wakamfunga kwenye mashine. Mpira haukusogea. Mtaalamu, binti mdogo tu, akaniambia, "Mama, hii mashine haifanyi kazi badala yake. Inamsubiri aanze mwenyewe, akikwama ndipo inamsaidia kidogo. Zamani alikuwa anafikisha kikapuni. Nyumbani nani anamfunga vifungo?"

Nikajibu kwa fahari, "Mimi mama yake. Kila kitu."

Mwanangu akatazama ukuta. Na ile mashine imetulia, inamngoja, ikawa kama namwona mkwe wangu pale, kakunja mikono.

Mtaalamu anasema akianza tena sasa mkono unaweza kurudi, lakini haahidi, na kila wiki inayopita ni hasara. Kwenye basi la kurudi Mafinga mwanangu akasema, "Mama, nataka kwangu."

Dada yangu ananiambia, "Mpeleke kimyakimya, sema amepata nafuu. Mtu mzima haombi radhi mbele ya wakwe." Lakini yule binti mpaka leo kwao anajulikana ni katili, na aliyempa jina hilo ni mimi, mbele ya mshenga. Na hajawahi kunijibu vibaya. Kila asubuhi ananitumia meseji, "Shikamoo mama, mgonjwa ameamkaje." Nikiita kikao tena, nitaanzaje kusema? Nisipokiita, nitaingiaje nyumba ile?

Jana mwanangu alinyoosha mkono mbovu kwenye kikombe cha chai. Ulikuwa unatetemeka, ila ulikuwa unakwenda. Kabla haujafika, mkono wangu ulikuwa umeshakishika kikombe.

Ndugu zangu, nielekezeni la kufanya. Na mniambie, huu mkono wangu niufunge na nini.