Ukurasa Wenye Visanduku

Harufu ya gazeti la zamani lililokaa na kahawa ndiyo iliyonirudisha huko. Juzi, katika chumba nilichopanga hapa Singida, nilifungua sanduku ninalohama nalo mji hadi mji, nikaikuta ile harufu bado ipo chini ya nguo. Nikawa tena na miaka kumi, nimekaa na Baba kwenye benchi la meli, tukitoka Mwanza kwenda Bukoba.

Safari tulikuwa tumeianza Tabora kwa treni. Baba alikuwa fundi wa reli, Mama alikuwa amefariki, na kazi ilimhamisha Baba kila mara, kwa hiyo alikuwa ananipeleka kwa mama yake, kijijini Kanazi, karibu na Bukoba. Bandarini Mwanza alinunua gazeti, akanionyesha fumbo la maneno. Tulilijaza pamoja, yeye akisoma maelezo, mimi nikihesabu visanduku kwa ncha ya kidole. Tuliposhuka kwenye lori Kanazi, fumbo lilikuwa limebaki nusu. Baba alilala siku mbili, akaaga.

"Nikija kukuchukua," aliniambia, "unionyeshe fumbo ulilolijaza peke yako, mpaka kisanduku cha mwisho."

Kanazi gazeti lilimfikia mtu mmoja tu, karani wa ghala la kahawa, tena likiwa limechakaa. Karani alikuwa mtu mwema, lakini alijaza fumbo kwa wino, na alijaza vibaya. Mnyama mwenye shingo ndefu, herufi tano: yeye aliandika ngamia, akibana herufi mbili za mwanzo katika kisanduku kimoja. Ukishamweka ngamia mahali pa twiga, hakuna neno jingine litakalokaa sawa. Ndivyo nilivyopewa kila gazeti, kama ndizi iliyokwisha kung'atwa.

Siku moja nikajipa moyo. "Karani, waitu," nilimwambia kwa adabu ya Kihaya, "hili usilijaze."

"Nisilijaze? Sasa mimi nitajistarehesha na nini, na magunia?"

Tukakubaliana. Kila nikitoka shule nilimgeuzia kahawa yake iliyoanikwa kwenye mikeka, wiki mbili, shingo ikiungua kwa jua, naye akaniachia moja safi. Nililijaza kwa penseli, nimekaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, siku nne. Likabaki neno moja, kifaa cha seremala, herufi sita. Nikaliweka gazeti juu ya kabati la vyombo, nikaenda kuchota maji huku nikilitafuta lile neno kichwani.

Niliporudi gazeti halikuwepo. Shemeji yake Bibi, mzee kutoka Ngenge aliyekuwa ametutembelea, alikuwa ameondoka. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Hupewa amwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Siku zote Bibi aliifunga kwa jani la mgomba. Siku hiyo alitaka kumheshimu shemeji yake kwa karatasi. Bibi hakujua kusoma.

Nilikimbia mpaka barabarani, nikamkuta mzee anasubiri lori.

"Babu, naomba lile gazeti."

"Gazeti lipi?"

"Lililofunga kahawa."

"Na kahawa yangu niifungie kwenye ulimi?" Akacheka, lakini akaimimina mfukoni mwa koti, akanipa karatasi.

Nilirudi nikijiona mshindi. Bibi alinitazama, akaitazama karatasi, uso ukambadilika.

"Umemfungulia mgeni kahawa yake barabarani? Ngenge nzima watasema nilitoa kisha nikadai."

Akachukua gazeti langu, akafunga kahawa nyingine, mara mbili ya ile, akaniamuru nimpelekee na nimpigie magoti. Niliomba lori liwe limeshapita. Halikuwa limepita. Nikapiga magoti vumbini, nikamkabidhi mzee fumbo langu kwa mikono miwili.

"Leo nimefungiwa mara mbili, kama bwana harusi," akasema, akapanda lori.

Nilinuna siku nyingi. Bibi aliponiuliza kulikuwa na nini kwenye karatasi ile, nilimjibu, "Visanduku vyangu." Hakuelewa. Nikachukua kijiti nikamchorea uani. Aliinama akavitazama muda mrefu, akasema "Mm," akarudi jikoni.

Nilikuwa nimemaliza miaka miwili pale Baba alipotokea bila taarifa, amepata nyumba Dodoma. Sikuwa na cha kumwonyesha, na nilikuwa nimepanga jinsi ya kumweleza yote, ngamia na mzee wa Ngenge. Hakuuliza. Alikuwa amesahau kabisa.

Asubuhi ya kuondoka Bibi alinipa kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Nilikifungulia melini. Ndani kulikuwa na kahawa, na karatasi yenyewe ilikuwa fumbo safi, wino wa karani haujaligusa. Sijui alimwomba lini. Lakini alikuwa ameuchana ukurasa katikati ili utoshe kifurushi. Visanduku nusu, maelezo hakuna. Nikalia kwa hasira.

"Kalichana, Baba. Tazama, kalichana."

Baba hakuvitazama visanduku. "Mama amekufungia kahawa?"

"Ndiyo."

"Na mimi alinifungia, siku niliyoondoka nyumbani mara ya kwanza." Akachukua punje moja, akaitafuna, akanipa kisogo akiangalia ziwa. Nilidhani kelele zangu zimemchosha.

Kwa miaka ile miwili Bibi hakunifungia kahawa hata siku moja. Nilijichotea mwenyewe kwenye kikapu chake, kama mtu wa nyumbani. Kahawa hufungiwa mgeni, na asubuhi ile mgeni nilikuwa mimi. Hilo lilinijia nikiwa mtu mzima, nimeshaishi mahali pengi, na Kanazi hapakuwa tena na wa kumwambia kwamba nimeelewa.

Karatasi ninayo. Juzi niliitandaza mezani, nikachonga penseli, nikahesabu visanduku kwa ncha ya kidole. Kisha nikaikunja kwa mikunjo ileile ya Bibi, nikairudisha chini ya nguo.