Mtakatifu wa Wifi Odete

Deolinda Medeiros alikuwa na kijicho, na tuseme hivyo mapema tusizungushane. Hakuwa mwizi, hakuwa mgomvi, na majirani zake wa East Providence walimheshimu: ukifiwa, supu yake ya sukuma na soseji ilifika mlangoni kabla hujamaliza kulia. Lakini linapokuja suala la wifi yake Odete, Deolinda alikuwa na kijiba cha roho cha miaka thelathini na tano, na alikilisha vizuri mpaka kikanenepa.

Odete alikuwa dada wa marehemu Gil, mume wa Deolinda, na alikaa nyumba ya jirani. Uzio wa waya tu ndio uliowatenganisha. Nyumba hizo zilinunuliwa mwaka mmoja, enzi zile viwanda vya vito vya bei rahisi vilipokuwa vikitafuta mikono na kila mtu wa mtaani alikuwa na kazi. Deolinda alikwenda kuunganisha hereni, akaziunganisha miaka ishirini na saba. Odete akaenda kupika shuleni. Deolinda na Gil wakapandisha ghorofa, wakaweka jiko la pili kule chini kama watu wenye heshima zao, wakapanda mizabibu nyuma ya nyumba. Odete aliiacha yake vilevile, kijumba cha vyumba viwili kisicho na hata ngazi. Kila asubuhi Deolinda alifungua pazia la ghorofani, akalitazama paa la wifi yake huko chini, ndipo kahawa ikateremka vizuri.

Sasa utauliza, mwenye ghorofa anamwonea kijicho mwenye kijumba? Ndiyo. Kwa sababu ya mama mkwe.

Mama mkwe alipougua, ni Deolinda aliyemuuguza miaka mitatu, akamwogesha, akamlisha, akamsikiliza akilalamika kwamba supu haina chumvi. Odete alikuja Jumapili na maua. Na yule mama alipofariki, kile kitu kimoja alichokuja nacho kutoka visiwani Azores, sanamu ya mbao ya Mtakatifu Yosefu, ndogo ya kuenea kiganjani, pua imelika kwa kubusiwa, alimwachia nani? Odete. Deolinda aliachiwa sufuria. Aliipeleka jikoni, ila hakusahau.

Basi kiwanda cha hereni kikafungwa, halafu na kingine, halafu bei za nyumba zikaanza kuporomoka, na jimbo lao, dogo kuliko majimbo yote ya Marekani, likawa linatajwa kwenye taarifa za habari kama mgonjwa anavyotajwa msibani kabla hajafa. Kufikia masika ya mwaka 2012, bango la kuuza nyumba lilikuwa limesimama mbele ya ghorofa ya Deolinda miezi kumi na minne. Mwanawe Michele alikuwa amehamia North Carolina na kuzaa mtoto wa kiume, Owen, na alikuwa amemtafutia mama yake kazi kwenye jiko la shule ya mtaani kwake. Nafasi hiyo ilikuwa inamsubiri mpaka shule zifunguliwe mwezi wa Agosti. Chumba kipo, mjukuu yupo, kazi ipo. Kilichobaki ni nyumba kuuzwa, maana benki isingemwacha aondoke hivihivi.

Dalali wake, Sheila, mwanamke wa kucheka kila wakati hata pasipochekesha, alikuja kila baada ya miezi miwili kupunguza bei.

"Usikate tamaa, Bi. Deolinda. Redioni wanasema ajira zimeanza kuongezeka."

"Zinaongezeka kwa nani? Mbona mimi sizioni?"

"Zinakuja, mama. Watu wanaajiriwa kwenye kiwanda cha nyambizi, wanaajiriwa hospitali. Ila bei za nyumba ndiyo bado zinashuka."

"Kwa hiyo kazi zinapanda nyumba zinashuka, mimi nimesimama hapo katikati kama mwehu."

Sheila akacheka, kama kawaida yake.

Deolinda alikuwa amekwisha kufanya wanalofanya wote wa parokia yao. Alimnunua Mtakatifu Yosefu wa plastiki, anayeuzwa ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, akamzika karibu na bango, kichwa chini miguu juu, uso umeelekea nyumba. Uso ndio muhimu. Nyumba anayoitazama mtakatifu ndiyo itakayouzwa, na siku ikiuzwa unamfukua, unamwosha, unahama naye na kumpa mahali pa heshima. Yule wa plastiki alikaa chini mwaka mzima asifanye kitu.

Aprili hiyo, Odete akaja kwenye uzio, anachechemea.

"Wifi, na mimi nimeamua kuuza."

"Wewe? Unakimbilia wapi?"

"Kwa mwanangu Manny, Taunton. Hili goti langu na kuzoa theluji havipikwi chungu kimoja, kule atazoa yeye. Lakini sina haraka. Ikiuzika sawa, isipouzika nipo."

Sina haraka! Neno hilo lilimchoma Deolinda kuliko matusi. Na bado halijapoa, akamwona kwa dirisha la ghorofani Odete amepiga goti lake bovu karibu na uzio, anachimba, na mkononi ana kitu kimefungwa kitambaa cheupe. Hakuhitaji kuambiwa. Mtakatifu wa mama mkwe, yule aliyevuka bahari, anatolewa kabatini ili amuuzie nyumba mtu asiye na haraka.

Wiki nzima hakula vizuri. Jumapili asubuhi, gari la majirani waliozoea kumpeleka Odete kanisani lilisimama nje, likapiga honi mara mbili, likaondoka. Deolinda, ambaye yeye husali misa ya Jumamosi, alichukua mwiko wa chuma, akapita penye pengo la uzio.

Udongo ulikuwa laini. Miguu ya mbao ikatokea kwanza, halafu kanzu, halafu ile pua iliyolika. Alipoona alivyokaa, karibu acheke kwa sauti. Mtakatifu alikuwa ameipa mgongo nyumba ya Odete. Uso wake ulielekea uzio, ng'ambo, kwenye ghorofa.

"Hata kuzika hajui," akanong'ona. "Mambumbumbu ndio wanaorithishwa."

Alishindilia udongo, akarudi kwake, akamwosha mtakatifu kwenye sinki la jiko la chini, akamtia ndani ya mkebe wa biskuti, akafunika, akauweka juu ya rafu nyuma ya madumu ya mvinyo ya marehemu Gil. Kumzika upya upande wake hakutaka hata kufikiria. Hakuhitaji msaada wa mtakatifu wa wifi. Alitaka tu asimsaidie Odete. Usiku huo alilala fofofo.

Haikusaidia. Mwezi wa Juni wakaja vijana wawili, mke na mume. Mume amepata kazi ya kuchomelea kwenye nyambizi, mke ana mimba ya kuonekana. Waliangalia nyumba zote mbili siku moja. Waliipanda ghorofa ya Deolinda, wakalisifia jiko la chini, wakaisifia mizabibu, wakanywa na kahawa. Halafu wakanunua kijumba.

"Kwa nini?" Deolinda alimbana Sheila. "Kwangu kuna kasoro gani?"

"Hakuna kasoro. Kazi zimekuja, lakini mishahara si ile ya zamani. Siku hizi watu wananunua nyumba ndogo, mama."

Kwa hiyo ghorofa aliyoringia miaka yote ndiyo iliyomkalisha. Odete alikuja na mkate mtamu wa kusherehekea, wa moto, na Deolinda akala vipande viwili akitabasamu mpaka taya likamuuma. Hata bila mtakatifu! Kuna watu wamezaliwa kupewa, aliwaza, na kuna sisi tunaoachiwa sufuria.

Kilichomtesa zaidi ni kusubiri. Nyumba imeuzwa, kwa hiyo Odete lazima amfukue mzee wake, na atakapokuta shimo tupu patachimbika. Deolinda alijiandaa. Atashangaa. Atasema labda ni mbwa, labda ni vijana wa mtaa wa pili. Alifanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Juni ikaisha, Julai ikaisha, Odete anafunga maboksi, na pale karibu na uzio hasogei hata na kijiko.

Agosti, wiki ya kwanza, Michele akapiga simu. Sauti yake tu ilitosha.

"Mama, wameajiri mtu mwingine. Nimewaomba wasubiri, wamesema hawawezi tena."

"Haidhuru, mwanangu."

"Owen ameanza kutambaa, mama."

"Nimesema haidhuru," akasema Deolinda, akakata simu kabla hajalia.

Siku tatu baadaye lori la Manny lilikuja. Lilipojaa, Odete alikuja uzioni na fimbo yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Haya wifi. Nimebakisha kukuaga wewe tu."

"Nenda salama. Taunton si mbali."

"Michele ameniambia habari ya ile kazi. Roho imeniuma, wifi. Mimi nilidhani mpaka saa hizi wewe ndiye ungekuwa umeondoka, mimi nabaki hapa namwagilia mizabibu yako." Odete akamshika mkono kupitia pengo la uzio. "Nyumba yako ikiuzwa, ukimfukua wako mfukue na yule wa mama. Si lazima uniletee. Mpeleke kwa mjukuu."

Deolinda uso ukamganda. Mazoezi yote ya kioo yakapotea.

"Yule wa mama?"

"Acha kunifanya mtoto. Ile Jumapili goti lilinigomea, sikwenda misa. Nilikuona kwa dirisha langu, wewe na mwiko wako." Odete akacheka na machozi yake. "Nikasema, afadhali ameelewa. Maana mimi nilimgeuzia kwako makusudi. Mimi nina haraka gani? Wewe ndiye mwenye mjukuu. Lakini nikikuletea mkononi ninavyokujua ungekataa, una kiburi wewe. Nilipoona umemchukua ukamzike kwako mwenyewe, nikashukuru. Umemwelekeza vizuri lakini? Uso kwenye nyumba?"

"Kwenye nyumba," akasema Deolinda.

"Basi atauza tu. Mama alikuwa anakupenda, sema alikuwa hajui kusema."

Manny akapiga honi. Odete akapanda lori kwa shida, akapunga mkono mpaka wakakata kona.

Deolinda alishuka jiko la chini, akasogeza madumu, akaufungua mkebe. Mtakatifu alikuwa amelala kifudifudi juu ya makombo ya biskuti, uso kwenye bati, miezi minne sasa. Na hata hapo, nawaambia ukweli, kilichomjia kwanza hakikuwa majuto. Kilikuwa kile kijicho chake cha zamani, kwamba hata roho, Odete alipewa nzuri kuliko yake. Majuto yalikuja baadaye kidogo, akiwa amekaa kwenye ngazi na ile sanamu mapajani, na yalipokuja hayakuondoka.