Mzigo wa Gwamaka

Sisi tuliosoma shule ya msingi huku Tukuyu kabla simu za kupangusa hazijapanda mlima, baridi tunaijua. Tulitoka nyumbani na sweta lililotoboka viwiko, miguu mitupu kwenye umande, mkononi jembe au dumu la maji ya shule, mfukoni ndizi ya kuchoma yenye majivu yake. Mvua ilinyesha asubuhi ikarudi mchana, na hakuna mzazi aliyekwambia ukae ndani. Tulicheza rede kwenye tope. Mpira wa soksi ukilowa unakuwa mzito, ukikupata mgongoni unalala na maumivu yake. Siku hizi mwanangu akidondokewa na manyunyu kidogo getini anauliza dawa ya mafua iko wapi.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za rede. Naandika habari za siku ya boma, kwa sababu nimekasirika, na wa rika langu mtanielewa.

Nasema lile boma dogo la mawe la Wajerumani, kwenye kilima njia ya kwetu Lupepo. Sisi tunazaliwa lilikuwa gofu, mbuzi wanalala ndani. Wazazi wetu ndio waliolisimamisha tena kwa kujitolea, Jumamosi kwa Jumamosi, wakitoka shamba wanabeba mawe. Lilipopata paa wakaanza kila kiangazi kuwaonyesha watoto na wageni maisha yalivyokuwa mle ndani: askari, wapishi, wapagazi. Waigizaji walikuwa majirani wale wale tuliowaona asubuhi wakipalilia. Sare za askari alizishona fundi mmoja wa Msasani ya hapa hapa Tukuyu. Mzinga ulikuwa bomba la chuma juu ya magurudumu ya mkokoteni. Ukifika muda wa kulipuka, mtu aliyejificha nyuma ya ukuta alipiga pipa tupu kwa mchi, mwingine akachoma majani mabichi ya migomba ili tupate moshi. Tulikohoa mpaka machozi na tukaomba warudie.

Mwaka mmoja babu yangu mzaa baba alipangwa askari wa getini. Mama yangu akapangwa mke wa mpagazi anayeleta chakula. Aliyewapanga hakufikiri. Mila yetu mnaijua: mwanamke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake. Akikutana naye njiani anaiacha njia, anajifunika kanga, anachuchumaa migombani mpaka mzee apite. Basi mama akaja na chungu chake cha ndizi na maharage, akafika getini, akainua macho, akaona chini ya ile kofia nyekundu ni baba mkwe. Chungu chini, kanga kichwani, migombani. Babu naye kwa heshima akageuka, akatazama ukuta na bunduki yake ya mti begani, boma likabaki halina mlinzi.

Mwalimu wetu wa historia, mtu wa Singida, alikuwa na darasa lake pale. Akasema, "Andikeni. Mnaona wananchi walivyomwogopa askari wa mkoloni." Tukaandika. Wamama wa Lupepo walicheka mpaka wakakaa chini.

Usiku ule nyumbani baba alimuuliza, "Kwani hukujua ni baba?"

"Ningejuaje? Huwa namjua kwa miguu, na miguu mmemfunga yale mabendeji ya kiaskari."

Hicho kilikuwa kichekesho. Jambo lenyewe la siku ile lilikuwa mwishoni, na tuliliita kutua mzigo.

Wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana, watu wa huku walichukuliwa kwa nguvu kubebeshwa mizigo ya vita. Wengi hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Gwamaka, kaka mkubwa wa baba yake bibi yangu mzaa mama, Bibi Tusajigwe wa Lupepo. Kwetu msiba ni jambo kubwa. Watu wanalala nje, wanaume wanacheza, chakula kinapikwa mpaka migomba inaisha. Gwamaka hakupata hata kimoja, kwa sababu nyumbani walikuwa bado wanamngoja. Waliomngoja walikufa wakimngoja.

Kwa hiyo waliolisimamisha boma walikubaliana hivi. Jua likishuka, sisi watoto tunapanga mstari getini na mizigo kichwani, kila mmoja amembebea mtu wa ukoo wake. Hakuna kutua. Mzee wa ukoo anatoka kwenye watu, anaita jina, anamwambia amefika nyumbani, anaupokea mzigo kwa mikono yake. Hapo ndipo unatua. Jina linaitwa, uwanja umenyamaza, hata vichanga vya mgongoni.

Mimi nilimbeba Gwamaka miaka yote ya shule ya msingi. Watoto tulizoea kujaza magunia majani makavu ya migomba, na bibi alipita mstari mzima akiminya magunia kama anayenunua mahindi. "Toeni hayo. Wekeni mahindi. Hawa hawakubeba majani." Shingo iliniuma mpaka Jumatatu. Sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa boma limerithiwa na vijana. Sisemi hawajitolei, wanakuja, wanafagia, wamepaka chokaa. Kiongozi wao ni Baraka, kijana wa mjini, ana kipaza sauti na spika mbili. Ile ya mama kukimbia wameishika vizuri. Wameifanya igizo kamili: wanawake wanapiga kelele, askari anawafukuza migombani, watu wanarekodi na simu. Lile la kutua mzigo wamelifuta.

Nilijua binti yangu Atupele aliporudi mazoezini. "Mama, tukifika getini tunatupa mizigo tunacheza." Nikavaa viatu nikaenda kwa Baraka.

"Dada, ratiba imebana," akasema. "Wageni wanachoka. Na yale majina hawayajui."

"Bibi yangu anayajua. Anakuja na fimbo kutoka Lupepo kwa ajili ya jina moja. Kwenye ukoo wao wa kumwita Gwamaka amebaki yeye tu, na magoti yake yanasema mwaka huu ndio mwisho wa kupanda kile kilima."

"Basi tutamtambulisha kwenye kipaza sauti, awapungie watu mkono."

"Haji kupunga mkono."

"Dada nawe. Hayo yamepita. Watu wanataka kitu kichangamke."

Nikamuuliza ile ya wanawake kukimbia ameitoa wapi. Akasema hiyo ni historia, walimu wenyewe wanaifundisha. Nikamwambia alikuwa mama yangu, alikuwa anamkimbia mkwe wake. Akacheka kweli kweli, halafu akasema hata hivyo inapendeza, waiache.

Siku yenyewe nilijaza gunia la Atupele mahindi na nikamwambia neno moja tu: usitue mpaka bibi akuite.

Tulikaa kwenye benchi, mimi katikati, mama kushoto, bibi kulia. Bibi macho yameingia ukungu na masikio yanachagua cha kusikia. Wanawake walipokimbia na makelele yao, mama alijifunika mdomo kwa kanga.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe."

"Mbona mimi sikupiga kelele."

Kisha watoto wakafika getini. Muziki ukafunguliwa, mizigo ikatupwa, maboksi matupu yote, na wakaanza kucheza ile mitindo ya kwenye simu, ya kutikisa mabega. Atupele alibaki amesimama na gunia kichwani katikati yao. Baraka akamsogelea na kipaza sauti.

"Mtoto mzuri, tua, tumemaliza."

"Bibi bado."

Watu wakacheka. Baraka akanyoosha mkono amsaidie kutua, Atupele akarudi nyuma, shingo imesimama, mikono miwili kwenye gunia. Nilikuwa nimeshanyanyuka niende nikamwambie Baraka mambo ambayo hayaandikwi, bibi akanishika kanga.

"Wamefika?"

"Gwamaka yuko getini, bibi."

Akasimama. Hakutaka kushikwa. Alipita katikati ya wachezaji na fimbo yake, wengine wakimpisha, wengine hawakumwona, mpaka mkono wake ukagusa gunia. Akamwita Gwamaka kwa Kinyakyusa. Akamwambia hapa ndipo kwao, kwamba baba yake alimngoja na mama yake alimngoja, sasa inatosha, atue. Atupele akashusha. Bibi akalipokea, likamshinda uzito, wakaliweka chini wote wawili. Akafungua mdomo wa gunia, akaingiza mkono mpaka kiwiko kwenye mahindi.

"Ndaga," akasema. Asante.

Muziki haukupunguzwa. Baraka alitangaza makofi kwa bibi, wachache wakapiga, bibi hakugeuka.

Tuliposhuka kilima alimshika Atupele bega akawa anamfundisha maneno ya kuita. Kinyakyusa cha mwanangu ni cha kuokoteza, cha mtoto wa mjini. Anakosea, bibi anasimama njiani, anarudia, wanaendelea. Enzi zetu wenye maneno hayo walijaa uwanja mzima na sisi tukayaona ya kawaida kama mvua, hatukuyashika. Watoto wa sasa nawacheka kwa mafua yao, lakini maneno yale mimi mwenyewe siyajui yote. Nilitembea nyuma yao na gunia kichwani, nikisikiliza.